Nadharia ya ukokotozi kwa wahandisi wa mwaka wa tatu: saa 42 nizitumie wapi?

Mwalimu_wa_Mishale

Habari za jioni wakuu. Nafundisha nadharia ya ukokotozi katika chuo kimoja hapa Dodoma, mwaka wa tatu. Darasa ni la mchanganyiko, uhandisi wa kompyuta na uhandisi wa mawasiliano. Nina wiki 14, saa 3 kila wiki, kipindi kinaanza saa 8 mchana wakati bati limeshika moto na upepo unaingiza vumbi hadi kwenye projekta. Huu ni muhula wangu wa nne na somo hili, na nalipenda kuliko masomo yote ninayofundisha. Ndiyo maana naandika.

Wiki iliyopita nimesahihisha tesiti. Swali la kwanza lilikuwa chora otomata (mashine ya kwenye karatasi: viduara ndiyo hali, mishale ndiyo njia, inasoma herufi moja moja na mwisho inakubali au inakataa) inayokubali namba za binari zinazogawanyika kwa 3. Karibu wote wamepata, wengine wamechora vizuri kuliko mimi. Swali la pili: thibitisha kwamba hakuna otomata yenye hali zenye idadi yenye kikomo inayoweza kutambua stringi zote, yaani mifuatano yote ya herufi, za a na b zinazosomeka sawasawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Karatasi 86, waliothibitisha ni 9. Kilichoniumiza si idadi. Karatasi nyingi zimeandika uthibitisho wa lugha nyingine kabisa (kwetu lugha ni kundi lolote la stringi), ile ya a kadhaa zikifuatwa na b zilezile kwa idadi, neno kwa neno kama ulivyo kwenye desa. Hawakuthibitisha swali langu, walinakili kumbukumbu.

Siku ya pili yake binti mmoja wa Manyoni akaja ofisini. Hakuja kulalamikia alama. Akaniuliza, "Mwalimu, mimi nitafunga mitambo ya simu. Kujua kwamba mashine fulani haiwezi kitu fulani kutanisaidia wapi?" Nikamjibu kuhusu mwanahisabati Alan Turing na mwaka 1936, kwamba alionyesha mipaka ya kompyuta kabla kompyuta tunazozijua hazijajengwa. Akasema asante, akaondoka. Nilijua sijamjibu.

Niwaambie kilichofanya kazi, msije mkadhani nimekata tamaa. Otomata ya njia nyingi, ile ambayo ukisoma herufi moja unaweza kwenda kwenye hali zaidi ya moja, naifundisha kwa kitenzi cha Kiswahili. Naandika ubaoni herufi moja moja: a, n, a, k, u. Nauliza, hiyo "ku" ni nini? Nusu ya darasa wanasema ni mtendwa, kama kwenye "anakupenda". Nusu wanasema ni ile ku inayobebwa na vitenzi vya silabi moja, kama "anakula". Wote wako sahihi, maana hatujui bado. Naita wanafunzi wanne mbele, kila mmoja ana njia yake. Naongeza l. Wote bado wamesimama. Naongeza a. Aliyekuwa anangoja "anakulipa" anakwenda kukaa. Wa "anakula" anasema neno langu limetimia. Wa "anakulaza" na wa "anakulaumu" wanaendelea kungoja. Hapo nauliza, ukitaka mashine ya njia moja tu inayofanya kazi hiyohiyo, ikumbuke nini? Mtu wa nyuma anajibu mwenyewe: ikumbuke nani bado wamesimama. Kundi la waliosimama ndiyo hali moja mpya. Huo ndio ujenzi wa Rabin na Scott wa mwaka 1959, na wameupata kwa dakika 20 bila mimi kuandika fomula hata moja. Na wanaona wenyewe kwa nini hali n zinaweza kuzaa makundi hadi 2 kwa kipeo cha n.

Lakini nikifika upande wa "haiwezekani", naanguka. Muhula huu nilitumia konda wa daladala anayehesabu waliopanda na walioshuka bila daftari, nikasema huyo atahitaji kumbukumbu isiyo na mwisho. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, daladala ina mwisho wa kujaa. Hali za kuhesabu abiria zinatosha." Yuko sahihi kabisa. Ukiweka kikomo cha hesabu, lugha inatambulika na otomata ya kawaida. Nilimpongeza mbele ya wenzake, lakini mfano wangu ulikufa palepale na sikuwa na mwingine.

Sasa idara inapendekeza nipunguze uthibitisho, niongeze saa za kuandika programu. Sipingi programu. Ila nahisi nikiondoa nusu ile, ninachobakisha ni somo la kuchora viduara na mishale. Swali langu ni hili: hiyo nusu ya "haiwezekani" ina faida gani kwa mhandisi, faida ya kweli, si ya kwenye utangulizi wa vitabu? Na mnaifundishaje ikaeleweka?

---

Bibi_Otomata

Ndugu mwalimu, pole na hongera. Nimefundisha somo hili miaka mingi, sasa nimestaafu, niko Kondoa na bustani yangu.

Nianze na lema ya kupampu, ile kanuni ya kuonyesha kwamba otomata haiwezi lugha fulani kwa kurudiarudia kipande cha stringi, maana ndiyo iliyokuangushia watu 77. Wanafunzi wako hawashindwi hesabu, wanashindwa zamu. Ile lema ni mchezo wa zamu nne, na desa limeuandika kama sentensi moja ndefu yenye "kwa kila" na "kuna" zikipishana. Wafundishe kwa drafti. Hakuna kijana asiyewahi kukaa kwenye drafti la vizibo chini ya mwembe.

Mpinzani anadai ana otomata. Zamu ya kwanza ni yake, anataja namba p. Zamu ya pili ni yako, unaleta stringi iliyo ndani ya lugha, yenye urefu usiopungua p. Zamu ya tatu ni yake, anaikata vipande vitatu x, y, z kwa masharti mawili: x na y pamoja zisizidi herufi p, na y isiwe tupu. Zamu ya nne ni yako, unachagua y irudiwe mara ngapi. Stringi mpya ikitoka nje ya lugha, umeshinda. Lakini ushinde dhidi ya kila mchezo wake, si dhidi ya mchezo mmoja uliomtungia wewe.

Sasa rudi kwenye zile karatasi. Utakuta mwanafunzi ameandika "tuchukue p = 4". Amecheza mkono wa mpinzani. Mwingine ameandika "tukate hapa katikati". Kacheza tena mkono wa mpinzani. Ukimwambia "umechanganya 'kwa kila' na 'kuna'", hasikii kitu. Ukimwambia "umesogeza kete ya mwenzako", anashtuka, maana kijiweni kosa hilo linavunja mchezo.

Kwa upande wangu lakini, hata hiyo lema ningeiweka ya pili. Ningeanza na hoja ya Myhill na Nerode, ya miaka ya 1950, kwa sababu inazungumzia kusahau, na kusahau kila mtu anakujua. Mashine ina hali 10. Uilishe stringi 11 tofauti: b, ab, aab, aaab, na kuendelea. Hali ni 10, stringi ni 11, kwa hiyo lazima mbili ziishie kwenye hali moja. Tuseme ni aab na aaaab. Kuanzia hapo mashine haijui tena ilisoma ipi, imeshasahau. Sasa ongeza aa kwa zote mbili. Ya kwanza inakuwa aabaa, inasomeka sawa pande zote. Ya pili inakuwa aaaabaa, haisomeki. Mashine lazima itoe jibu moja kwa zote, kwa hiyo imekosea mojawapo. Badala ya 10 weka hali milioni, lete stringi milioni na moja, habari ni ileile. Hilo ndilo swali lako la tesiti, limekwisha.

Kuhusu konda wako: usimtupe. Kijana yule alikupa nusu ya somo. Muulize, daladala likiwa la watu 30 unahitaji hali 31, kuanzia sifuri. La watu 60? La watu elfu? Sasa niambie ni mashine gani moja itafaa kwa magari yote, hata ambayo bado hayajaundwa. Hapo neno "ukomo" linapata maana.

---

Fundi_Pampu

Shikamoo mwalimu. Shikamoo Bibi.

Mimi si mwalimu. Nilimaliza uhandisi, nikajifunza somo hili nikiwa nalichukia, nilisapu. Sasa natengeneza vidhibiti vya pampu za visima zinazotumia jua, vijiji vya Bahi na Chamwino. Naomba nimjibu yule dada wa Manyoni.

Kidhibiti changu cha kwanza nilikiandika kwa vigezo vitano vya ndiyo na hapana. Pampu inawaka? Tangi limejaa? Kisima kina maji? Jua linatosha? Kuna hitilafu? Kila tukio likitokea nabadilisha kigezo kimoja kimoja. Vigezo vitano vinatoa michanganyiko 32. Mingi haina maana yoyote duniani, lakini programu yangu ilikuwa inaweza kuingia humo, na siku moja ikaingia: pampu inawaka na kisima kikavu, kwa wakati mmoja. Wingu lilipita, jua likarudi, tawi moja la programu likawasha pampu bila kuuliza kuhusu maji. Pampu ikazunguka kavu hadi ikaungua. Wanakijiji walirudi kwenye madimbwi ya mtoni kwa siku kumi na moja. Sitasahau.

Baada ya hapo nilitoa daftari la chuo. Nikachora hali sita: imezimwa, inasubiri jua, inavuta, tangi limejaa, kisima kikavu, hitilafu. Mishale kati yao. Kutoka "kisima kikavu" hakuna mshale wowote unaokwenda moja kwa moja "inavuta", lazima upite "inasubiri" na kipima maji kiseme ndiyo. Ile hali iliyoua pampu haipo tena kwenye mchoro, kwa hiyo haiwezi kutokea kwenye programu. Kumbe "haiwezekani" ni kitu unachokijenga, mwalimu. Mteja akiniuliza "una hakika haitaungua tena kwa ukavu?", namwonyesha mchoro. Sitoi ahadi ya mdomo.

Jambo la pili. Ndani ya kila kidhibiti kuna saketi ndogo tunayoiita mlinzi wa muda. Programu inatakiwa iiguse kila baada ya muda fulani, mimi nimeweka sekunde mbili. Isipoguswa, inawasha upya kifaa kizima. Nilikuwa naiweka kwa sababu kila mtu anaiweka. Baadaye ndiyo nikaunganisha na kile mlichotufundisha kuhusu tatizo la kusimama, kwamba hakuna programu inayoweza kuchukua programu yoyote na kusema bila kukosea kama itasimama au itazunguka milele. Kama ingekuwepo, ningekagua programu yangu mara moja mezani, nisingehitaji mlinzi. Kwa kuwa haipo, tunaweka saa. Saa haijui kama programu imekwama au inachelewa tu, inakata. Tunakubali mara mojamoja kuua programu nzima isiyo na kosa ili tusiache iliyokwama. Huo ni uamuzi wa kihandisi, na umezaliwa na uthibitisho wa darasani.

Na mitambo ya simu anayoitaja huyo dada imejaa vitu hivi. Menyu ya M-Pesa, *150*00#, ni otomata: uko kwenye hali, unabonyeza namba, unahamia hali nyingine, ukikaa kimya muda unaisha unarudi mwanzo. Akienda kazini atakutana na michoro ya hali kwenye kila itifaki.

---

Kijana_wa_Ngwale

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, chuo kingine. Kile cha "anakula" nimekipenda sana. Nikawa najiuliza, maneno kama polepole, sawasawa, hivihivi, si ndiyo mfano wa Kiswahili wa lugha ambayo otomata haiwezi? Unahitaji kukumbuka neno zima ili ulirudie.

---

Bibi_Otomata

Mwanangu, umeona vizuri, lakini ushike kamba mbili. Ya kwanza, maneno ya kamusi yana idadi. Orodha yenye mwisho, hata iwe ndefu vipi, otomata inaiweza, ni daladala lilelile la yule kijana. Hoja inasimama tu ukisema stringi yoyote ya urefu wowote irudiwe mara mbili.

Ya pili ni tamu zaidi. Ipe mashine rundo la sahani, ile staki: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kutoka. Weka p, o, l, e. Zikitoka zinatoka e, l, o, p. Kwa hiyo rundo moja linafaa kabisa kwa neno linalogeuzwa, ndiyo swali la tesiti ya mwalimu, lakini kwa "polepole" linakuletea kinyume. Stringi iliyorudiwa hivyo haiandikiki hata kwa sarufi isiyotegemea muktadha, yaani zile kanuni za kuunda stringi ambazo mashine yenye rundo moja inaziweza. Hadithi ya sahani si uthibitisho, ni dalili tu, uthibitisho una lema yake. Ila mwanafunzi aliyeona sahani hachanganyi tena lugha hizo mbili.

Mwalimu, kuhusu tatizo la kusimama: usitumie simu iliyoganda, watakumbuka simu wasahau hoja. Tumia mpiga ramli. Mwanafunzi A anadai anajua mapema kama kila mtu atakaa au atasimama. Mwanafunzi B ana kanuni moja, anauliza ramli inasemaje juu yangu, halafu anafanya kinyume. Wacheze mara tatu. Kisha geuzeni A awe programu, B awe programu inayomwita A ikijipa maandishi yake yenyewe. Wakishacheka ndipo uandike ubaoni.

---

Seva_za_Ihumwa

Naongeza moja ya upande wangu, nasimamia seva. Tarehe 2 Julai 2019 Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti za watu, walisambaza kanuni moja mpya ya ulinzi yenye regeksi mbaya (regeksi ni fomula fupi ya kutafuta maandishi ya umbo fulani), prosesa za seva zao dunia nzima zikajaa, tovuti nyingi zikawa hazifunguki kwa kama dakika 27. Regeksi ile ilikuwa inajaribu njia moja, ikishindwa inarudi nyuma kujaribu nyingine, na njia zilikuwa nyingi mno.

Mwalimu, wape wanafunzi jaribio hili kwenye Python: regeksi (a+)+$ dhidi ya a nyingi zinazoishia na alama ya mshangao. Waanze na a 15, waongeze moja moja. Kila herufi inayoongezeka inakaribia kuongeza muda mara mbili, hadi mashine inaonekana imekufa. Halafu waulize, lugha ya regeksi hiyo ni ipi? Ni a moja au zaidi, basi. Otomata ya hali mbili inaimaliza kwa kupita mara moja. Ken Thompson alishachapisha mwaka 1968 namna ya kutafuta kwa kufuata hali zote zilizo hai kwa pamoja, yaani wale wanafunzi wako waliosimama mbele. Huo mchezo wako wa "anakula" ndio dawa ya tatizo lililoangusha seva. Waambie hivyo.

---

Mwalimu_wa_Mishale

Nimekawia kurudi kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza. Jumanne nilifuta mada ya siku hiyo, nikaanza na hali 10 na stringi 11 za Bibi, kisha drafti.

Nilimwita yule kijana wa daladala awe mpinzani. Akataja p = 3. Darasa likaleta aaabaaa. Nikampa chaki akate. Akakata, wakarudia y, ikaharibika. Akakata tena. Kumbe kwa p = 3 mikato inayoruhusiwa ni sita tu, tukaimaliza yote ubaoni, yote ikafa. Akasema, sawa, lakini mimi nitataja p elfu moja, tutakata hadi usiku? Nilifungua mdomo kujibu. Yule binti wa Manyoni akaniwahi kutoka mstari wa tatu: "Ukate popote, y yako ni a tupu za upande wa kushoto wa b. Mwalimu akiirudia, kushoto kunaongezeka, kulia kumebaki vilevile. Hata p iwe milioni."

Nikamwachia chaki aandike mwenyewe.

Nimeshaiandikia idara. Saa 6 zinatoka kwenye kugeuza sarufi kuwa umbo la Chomsky, yaani kuziandika upya kanuni zake kwa muundo mmoja maalumu, zoezi ambalo kwa wahandisi wangu limekuwa la kusukuma alama tu, zinaingia kwenye regeksi ya Seva na kidhibiti cha pampu kama kazi ya vikundi. Uthibitisho unabaki. Tesiti ijayo kila mmoja atakuja mezani kwangu kwa dakika tano, mimi nitakuwa mpinzani, yeye atacheza. Watu 86 kwa dakika tano ni zaidi ya saa saba, nitazipata Jumamosi mbili.

Fundi_Pampu, nautaka ule mchoro wa hali sita kabla ya Jumanne. Nitumie hata kama ni picha ya daftari, usiuchore upya.